Pembe ya Pili Iko Wapi?

Mkono wangu wa kulia haupandi tena juu ya sikio. Hiyo ndiyo sababu nimestaafu. Wanaosema nimefukuzwa na mashine za kuchapa mabango ni wale ambao hata kwa mashine hawawezi kuliweka neno BUCHA likakaa katikati ya ubao.

Ninyi mafundi mliobaki, wa Ngara mjini, wa Benako, wa Nyakanazi na kuendelea hadi Biharamulo, mmenisumbua niseme mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, nasema. Nimesoma darasa la nne na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo atakayekuta sentensi imepinda ainyooshe mwenyewe. Herufi zangu lakini hazijawahi kupinda. Muulizeni dereva yeyote wa lori anayepita kwenda Rusumo ni nani aliyeandika majina yanayosomeka hata gari likiwa linakimbia. Atawaambia ni Fundi Zabroni. Mimi ndiye.

Lakini kinachonikalisha kwenye kiti hiki leo ni swali moja ambalo nilikuwa na jibu lake kwa maisha yangu yote ya kazi: ni nani aliyeanzisha mtindo wa pembe mbili? Mnaujua, mnakula kwa huo. Ng'ombe kasimama upande, ila uso wake unakutazama wewe, pembe zote mbili zimefunguka, miguu minne, chuchu nne, hakuna kilichojificha. Mtu kwenye ubao wa kinyozi, unamwona mbele na pembeni kwa mara moja. Nilikuwa nikiulizwa nani kaanzisha, najigonga kifua. Sasa nikiulizwa, mkono unapanda hadi kifuani halafu unasita. Si kwa ajili ya bega.

Nianze mwanzo. Kazi nilifundishwa Biharamulo na Fundi Damiani, Msubi mmoja mfupi aliyekuwa akinusa kopo la rangi kama mpishi anavyonusa mchuzi, akajua muuzaji ameizimua kwa tina kiasi gani. Siku ya kwanza nilikwenda nikidhani nitapanda ngazi. Alinipa chaki na ukuta wa nyuma wa choo chake, akaniambia niandike O.

"Nyingine je, fundi?"

"Hakuna nyingine. Herufi zote ni O iliyovunjika. Ukiiweza hiyo, zilizobaki utaokota vipande."

Nikaandika O mpaka nikawa naziona kwenye sahani. Alikuwa akipita, anatazama, anasema, "Hii ni yai," anafuta. "Hii ni kiazi," anafuta. Nilipopata moja ya kweli hakusema kitu, alinikabidhi brashi. Mambo mengine aliyonifundisha ninyi mnayapuuza na ndiyo maana rangi zenu zinabanduka: usipake bati jua likiwa la utosi, bati la mchana linapika rangi. Plaiwudi ipige msasa hata kama mwenye ubao anakuharakisha, kwa sababu akishaondoka atalaumu wewe, hatajilaumu yeye. Na usianze kuandika kabla hujamsikia mteja akilitamka jina la biashara yake kwa mdomo wake. Damiani amekwisha tangulia. Alikuwa fundi mzuri wa herufi. Wanyama walimshinda. Simba wake walifanana wote na mjomba wake.

Nilipoachana naye nilivuka kwenda Ngara na brashi mbili na kikombe. Sikuwa na ndugu, sikuwa na mtu wa kunishika mkono. Na kazi ya kwanza ya jina langu ilikuwa ya Mzee Baranyikwa wa Bukiriro, mfugaji, ambaye alikuwa anafungua kioski cha maziwa njia panda ya Benako. Alitaka ubao wenye ng'ombe. Nilikwenda nikaufanyia pale pale uani kwake, mbele ya familia na majirani, kwa sababu hakuamini kumwachia kijana asiyemjua ubao wake.

Nilimchora ng'ombe kama nilivyoona kwenye kalenda. Kasimama upande, kichwa upande, pembe moja imefunika nyingine, miguu miwili mbele yako na miwili kama kivuli. Kwa kweli alikuwa ng'ombe mzuri. Mzee akaja, akaegemea fimbo yake, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu, mzee. Amesimama upande."

"Pembe yake ya pili iko wapi?"

"Iko nyuma."

"Nyuma wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Basi mzee akazunguka. Naapa. Akaenda nyuma ya ubao, akainama, akatazama juu na chini, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Huku nyuma kuna mbao tu!"

Watu walicheka mpaka mbuzi wakakimbia. Jirani mmoja akaniuliza kama maziwa nayo yatakuwa yanauzwa nyuma ya ubao. Mzee hakucheka. Akaniambia, "Kijana, mimi nikienda kumtolea mwanangu mahari na ng'ombe wa pembe moja, watanirudisha naye. Ng'ombe mzima huonekana mzima. Nenda kale, urudi umtafutie pembe yake."

Nikala mpaka mvua ikakatika, nikarudi, nikafuta kichwa kwa kitambaa cha tina. Nikakigeuza kikatazama watu, nikazifungua pembe zile ndefu kama mikono ya mtu anayesali. Nikaitoa miguu yote, nikazitoa na chuchu. Mwili upande, uso mbele. Mzee akasogea, safari hii hakuzunguka. Akasema, "Sasa huyu ni ng'ombe."

Ubao ule ulisimama Benako na kila mtu akauona. Haukupita muda, akanitafuta Selemani kinyozi wa Ngara mjini.

"Wewe ndiye uliyemchora ng'ombe wa Baranyikwa?"

"Mimi ndiye."

"Anaonekana kote kote yule. Basi nichoree kichwa. Mbele waone kiduku, pembeni waone mstari ulivyonyooka."

"Hivyo ni vichwa viwili, Selemani. Ubao wako hata kimoja na nusu hautoshi."

"Ng'ombe ametosha, mtu ndiye akushinde?"

Hakuna neno baya kuniambia kama kushindwa. Nilimtengenezea mtu ambaye pua yake inaelekea sokoni na macho yake yote mawili yanakutazama wewe, sikio liko mahali pake, mstari umepita nyuma ya sikio kama reli. Vijana wakawa wanakuja wananyoosha kidole, "Ninyoe kama huyu." Selemani anauliza, "Upande upi?" Wanajibu, "Zote."

Baada ya hapo sikulala njaa tena. Nilifanya mabucha, magari, maduka ya dawa za mifugo. Nyabusozi nilipewa ukuta wa kanisa, nichore Mchungaji Mwema. Nikampa nyuso mbili. Mzee wa kanisa, Eliasi, akanisimamisha kabla sijashuka kwenye ngazi.

"Fundi, mtu wa nyuso mbili tunamwitaje?"

"Inategemea, mzee."

"Haitegemei. Tunamwita mnafiki. Umetuchorea mnafiki mwenye fimbo."

Nikamwambia, "Mzee, uso huu unaangalia kondoo, ule unamwangalia fisi. Ungekuwa kondoo, ungetaka mchungaji mwenye uso mmoja?"

Akautazama tena ukuta. Halafu akasema, "Basi muongeze na wa tatu, awaangalie wanakwaya."

Ndivyo ulivyoenea. Niliwafundisha wengine, na wengine wakaiba kwa macho, nami sikukataza, ng'ombe haelemewi na nunduye. Ikafika wakati napita barabarani naona kazi zangu ambazo sikuzifanya. Nikawa nasema hadharani, vilabuni, misibani: Zabroni ndiye aliyefungua pembe. Nani angebisha?

Hakubisha mtu mpaka bega liliponiweka chini, na ndipo akaja Mwalimu Konsolata. Anafundisha sanaa katika chuo kimoja cha ualimu, dada mwenye adabu, hakukaa mpaka nilipomkaribisha mara ya pili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa unanitafuta."

Alisema mjini Ngara litafunguliwa jumba dogo la utamaduni, na mbele yake utawekwa ubao wa kueleza mtindo wa pembe mbili: ni nini, umetoka wapi, nani kauanza. Ofisi ya utamaduni iliyomtuma ilitaka ubao huo niuchore mimi mwenyewe, uwe kazi yangu ya mwisho.

Nataka mnielewe hapa. Watoto wangu wana vyeti, vimetundikwa sebuleni kwangu kwenye fremu nilizozipaka mwenyewe. Changu hakimo. Mgeni akiingia anasoma majina yao, kisha ananiuliza mimi nilisoma wapi. Ubao ule ungekuwa cheti changu, tena cheti kinachosimama barabarani. Nikamwambia mwalimu andika: kauanza Zabroni, kazi imekwisha.

Akafungua kitabu kikubwa cha picha. "Kwanza tazama hii, mzee."

Mwanamke. Pua imekwenda upande, macho yote mawili mbele, shingo imekatwakatwa kama mihogo. Nikaitazama vizuri.

"Huyu kijana amejitahidi," nikamwambia, "ila rangi yake imekufa. Ni wa Nyakanazi?"

"Ni wa Ulaya. Na alishafariki. Picha hii ina zaidi ya miaka mia moja."

Akafunua nyingine, na nyingine. Gitaa lililovunjwa vipande, chupa inayoonekana ubavuni na mdomoni kwa pamoja. Akanieleza kwamba wachoraji wale walichoka kukichora kitu kwa upande mmoja, wakakivunja wakakionyesha pande zote.

"Kinyozi wao alikuwa nani?" nikauliza.

"Hawakuwa na kinyozi, mzee."

"Basi nani aliwalazimisha?"

"Hakuna. Walijilazimisha wenyewe."

Jambo hili sijalielewa mpaka leo. Mtu anauchoraje uso kamili bila mteja amesimama nyuma yake anagomba?

Mwalimu akafunga kitabu taratibu. "Shida yangu ni hii. Ofisini wameona picha hizi. Wanataka ubao useme mtindo wenu umeathiriwa na Wazungu. Kitabu kama hiki hukuwahi kukiona ujanani? Kwa mapadri, kwa wahisani wa kambi za wakimbizi?"

"Nilikuwa naona makopo ya rangi, mwalimu."

"Nakuamini. Lakini kuna jambo jingine. Hao Wazungu nao hawakuanza hewani. Waliona vinyago vya kuvaa usoni vilivyochukuliwa Afrika, ndivyo vikawafungua macho."

Nikaruka kwenye kiti. "Si umeona? Wamechukua kwetu!"

"Vya Afrika Magharibi, mzee. Na Kongo."

"Kongo si hapo tu?"

"Huku Ngara mlikuwa mnavaa vinyago?"

Nikafikiri. Wahangaza, wenyeji wa huku, ninaowajua hawavai vinyago. Ngoma tunacheza na nyuso zetu hizi hizi. Kwa hiyo Mwafrika wa mbali kamfundisha Mzungu, na Mzungu kanifundisha mimi bila mimi kumwona, na mimi nilikuwa Bukiriro nagombezwa na mfugaji. Kichwa kiliniuma. Nikamwambia mwalimu tuache vitabu, twende Bukiriro kwenye ushahidi.

Mzee Baranyikwa alishafariki, lakini mkewe, Bibi Yuliana, yupo, na ulimi wake upo. Tulimkuta anaanua maharage.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Zabroni! Wewe si ulikuwa mwembamba?"

"Maisha yamenitendea mema, bibi."

"Maisha au ugali wa watu?"

Nikamweleza bibi anachotafuta mwalimu, nikamwomba asimulie jinsi nilivyoigundua pembe ya pili uani kwake. Akanitazama kama mtu aliyesikia mtoto akijisifu kwamba ameliwasha jua.

"Uliigundua?" akasema. "Yoo. Njooni."

Akatupeleka kwenye jiko la zamani nyuma ya nyumba ya matofali. Akausukuma mlango. Kwenye ukuta wa ndani, mkabala na mafiga, alikuwepo ng'ombe. Kachorwa kwa udongo mweupe, jivu na samadi. Mwili upande. Uso mbele. Pembe mbili zimefunguka kama mikono ya mtu anayesali.

Nilisimama pale. 

"Huyu aliachwa na mama mkwe wangu, Anastazia," akasema Bibi Yuliana. "Mimi nikisiriba ukuta namrudia mulemule. Mzee wangu amekula akimtazama ng'ombe huyu tangu akiwa ananyonya. Ungemletea wa pembe moja angemjulia wapi?"

Mwalimu akauliza, "Na mama mkwe wako alijifunza wapi, bibi?"

"Alikuwa anasema amefundishwa na padri. Alikuwepo Mzungu mmoja hapa, tulimwita Padri Kibuyu, maziwa ya mgando alikuwa hayaachi. Alikuwa anachora ng'ombe kwenye karatasi."

Nikajisemea: Basi ni Wazungu kweli. Lakini bibi hakuwa amemaliza.

"Ila padri ukimsifu kwa ng'ombe wake alikuwa anasema amefundishwa na Anastazia. Anakaa hapa jikoni anautazama ukuta, anachora. Wakawa wanagombana kila siku. Huyu anasema, ni wewe uliyenionyesha. Yule anasema, hapana, ni wewe. Tulikuwa tunawacheka. Mpaka padri anaondoka hakuna aliyekubali."

Nimekutana na watu wengi wakigombea sifa. Mimi mwenyewe nimegombea, na nimeshinda. Watu wawili wanaogombana kila mmoja akimtupia mwenzake sifa, hao sikuwa nimewasikia.

Nikajikaza. "Lakini bibi, mimi ng'ombe huyu sikumwona. Niliyemchora mimi nilimtoa kichwani mwangu."

Bibi akacheka akashika mlango. "Zabroni, mzee alipokufukuza ukale, ulikula wapi? Uani, na mvua ile? Ulikaa hapa, kwenye kigoda hiki, na umeutazama ukuta huo. Nilikupa ndizi na maharage. Ulimaliza na ya kesho."

Mwalimu akanigeukia. "Ulimwona, mzee?"

Ndugu zangu, nimejaribu. Ndizi nazikumbuka. Maharage nayakumbuka, yalikuwa na samli. Moshi naukumbuka, ulikuwa unaniliza. Ukuta siukumbuki. Wala siwezi kuapa kwamba sikuuona. Macho ya fundi yanakula hata mwenyewe akiwa amelala.

"Sijui," nikasema. Katika kazi yangu yote sikuwahi kumjibu mtu neno hilo.

Mwalimu alirudi ofisini kwao na habari zote, akapigana kadiri alivyoweza, namshukuru. Maneno ya Wazungu yaliondolewa. Jina langu nalo likaondolewa. Yaliyokuja niyaandike ni haya: MTINDO WA PEMBE MBILI, NGARA NA BIHARAMULO. ASILI YAKE BADO INACHUNGUZWA. Bado inachunguzwa! Kama kesi ya wizi wa mbuzi.

"Unaweza kukataa, mzee," mwalimu akaniambia. "Nitaelewa."

Nilikaribia kukataa. Nilikaa na ule ubao kwangu, nikawa naupitia nikienda kuoga, nausonya. Kisha nikaulaza chini, maana chini mkono wangu bado unafika, nikaupiga msasa, nikasubiri jua lishuke, nikaandika maneno yao. Yamekaa katikati. Juu yake nikamchora ng'ombe, na nikiwa namchora nilijaribu kusikiliza mkono wangu, kama unamfuata wa ukutani, au wa kalenda, au wa kitabuni, au wangu. Mkono haukusema. Ulichora tu, pembe zikafunguka zenyewe.

Kisha nikamwambia mwalimu kwamba nina sharti moja. Ubao usigongomelewe ukutani. Usimame barabarani juu ya nguzo mbili, watu waweze kupita pande zote.

"Kwa nini, mzee?"

"Ng'ombe mzima huonekana mzima."

Wakakubali. Nikaugeuza. Upande wa nyuma hawakuwa wameniagiza kitu, kwa hiyo huko mteja nilikuwa mimi. Nikachukua chaki nikaandika O, moja kubwa, ya mkono mmoja bila kuinua, na Fundi Damiani angeitazama na asiseme kitu. Juu ya mstari wa hiyo O nikayapanga majina yakizunguka: Anastazia, Padri Kibuyu, Baranyikwa, Yuliana, Selemani kinyozi, Damiani, Zabroni. Wale wa Ulaya na wale wa vinyago majina yao siyajui, nikawaachia nafasi kati yangu na Anastazia. Ukitaka kuanza kusoma, anza popote. Nimeuzunguka mara nyingi nikitafuta mahali pa kuanzia, na kila nikidhani nimepapata, jina la nyuma yake linanivuta shati.

Langu limekoza kidogo kuliko mengine. Brashi ilikuwa imejaa rangi.

Siku uliposimamishwa Bibi Yuliana aliletwa kwa bodaboda. Kusoma hajui. Alimtazama ng'ombe wa mbele, akahesabu pembe kwa kidole, akaridhika. Kisha, kama mumewe siku ile, akashika fimbo akazunguka kwenda nyuma ya ubao. Nikamsubiri mbele, nikamsikia kijana wa bodaboda akimsomea majina, moja moja.

"Bibi," nikaita, "huko nyuma kuna nini?"



"Huku," akasema, "kuna watu."